Kazi ya Mchana, Masomo ya Jioni

Je, yafaa mtu mwenye kazi, mke na watoto arudi shuleni ili awe munganga? Wengine husema: Huyo ana tamaa, aridhike na kazi yake. Wengine husema: Kama ameitwa, aache yote aende. Ndugu msomaji, tusihukumu haraka. Tutazame kwanza jambo lenyewe.

Huko Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kina masomo ya jioni tangu mwaka 1910. Chanzo chake ni wasia wa tajiri John Lowell, aliyekufa mwaka 1836. Aliagiza kwamba malipo ya somo yasipite bei ya vipimo viwili vya ngano. Siku hizi malipo yamepanda sana, lakini watu wa kazi wangali wanasoma.

Shule nyingi za uganga huko Marekani hudai mwaka mmoja wa biolojia, mmoja wa fizikia, na miwili ya kemia, pamoja na kazi za maabara. Tena kuna mtihani uitwao MCAT. Mtu aliyesoma sheria au muziki hana masomo hayo. Basi huyatafuta jioni, kazi ikiisha.

Sasa tuhesabu. Masomo ya jioni, miaka 2 au 3. Kuomba nafasi, karibu mwaka 1. Shule ya uganga, miaka 4. Mazoezi hospitalini, angalau miaka 3. Anayeanza akiwa na miaka 30 atamaliza akiwa na 40 au zaidi.

Nani atalipa miaka hiyo? Si yeye peke yake. Mke anakula peke yake. Watoto wamelala baba anaporudi. Kwa hiyo haki yataka awaulize kwanza watu wa nyumba yake. Mema yanayotolewa kwa jasho la mwingine bila ruhusa yake si mema kamili.

Mtasema: Mshika mbili, moja humponyoka. Ni kweli, kama anashika mbili siku zote. Lakini huyu anashika mbili kwa muda, apate kujijua. Kule maabara hakuna mtu amwitaye munganga. Anakaa pamoja na vijana, anapima maji ya dawa, anaosha vyombo vya kioo, na kesho asubuhi kazi inamngoja. Anayependa heshima tu atachoka upesi. Anayependa wagonjwa ambao hajawaona bado, huyo atavumilia.

Na akishindwa kemia? Si aibu. Mshahara wake upo, watoto wamekula, naye amejua ukweli juu yake mwenyewe. Aliyeacha yote siku ya kwanza hana faida hiyo.

Basi, ukitaka kupima wito wa mtu, usiangalie tu anakotaka kufika. Angalia anavyotenda kazi ya leo. Anayeidharau kazi ya mchana kwa sababu ya ndoto ya jioni, kesho atawadharau wagonjwa pia.