Stelvio na Kona za Wundanyi

Alfa Romeo Stelvio, gari la Kiitaliano lililozinduliwa 2016, limepewa jina la barabara ya milima ya Alps yenye kona kali. Ni zuri kweli. Ukiliona, lazima ugeuke tena. Kona tunazo hata sisi huku Taita, Kenya, ukipanda Wundanyi kutoka Mwatate. Lakini simama stejini Voi uone kinachozipanda kila siku: gari la Toyota Probox, vumbi jekundu la Tsavo limeganda hadi madirishani, magunia ya kabichi yamejaa buti. Shoksi ikivunjika, fundi anaijua kwa kuipapasa tu, na spea inapatikana hapahapa. Ya Stelvio huenda ikaagizwa ng'ambo, nawe ukingoja huku ukitembea kwa miguu. Kabla hujalilipia Stelvio, zungumza na fundi wako.