Mwongo Akisema, Mwenye Gazeti Afanyeje?

Ndugu msomaji, wazee wetu wamesema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Maneno haya ni kweli pale mwongo anapokwenda kwa miguu yake mwenyewe. Lakini akipata wa kumbeba, njia yake huwa ndefu, naye hufika mbali kabla msema kweli hajavaa viatu. Na katika zama zetu wabebaji wa maneno ni wengi: mwenye gazeti, mwenye redio, mwenye televisheni, na kila mmoja wetu mwenye simu mkononi.

Basi na tulitazame suala hili kwa utulivu. Mtu wa siasa aliyekwisha julikana kuwa husema uwongo mara kwa mara akisimama jukwaani na kunena, mwandishi wa khabari afanye nini na maneno yake? Ayaandike kama alivyoyasikia? Ayaache yapite? Au iko njia ya tatu?

Waandishi wengi hujibu hivi: "Kazi yetu ni kufikisha. Bwana fulani kasema, nasi tumeandika kwamba kasema. Uwongo wetu uko wapi?" Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani ni kweli kuwa bwana huyo kasema. Lakini tuipime kwa kisa kilichotokea.

Tarehe 9 Februari 1950 seneta mmoja wa Marekani, Joseph McCarthy, alihutubia mkutano katika mji wa Wheeling, West Virginia. Iliripotiwa kuwa alidai anayo orodha ya wakomunisti 205 waliomo katika wizara ya mambo ya nje ya nchi yake. Baada ya siku chache hesabu ikawa watu 57. Tarehe 20 ya mwezi huo huo, mbele ya Seneti, akataja 81. Mtu akikwambia leo ana mbuzi 205, kesho 57 na keshokutwa 81, hutamwuliza bei. Utamwambia kwanza akuonyeshe zizi. Lakini magazeti mengi hayakudai kuonyeshwa zizi. Yaliandika kila hesabu kama ilivyotoka kinywani mwake, kwa kuwa mwenye kusema ni mtu mkubwa, na neno la mtu mkubwa ni khabari.

Naye seneta alizijua desturi za magazeti. Alijua saa ambazo kurasa hufungwa, akawa hutoa tuhuma zake saa za mwisho, mwandishi asipate wasaa wa kumtafuta mtuhumiwa na kumwuliza. Asubuhi tuhuma huonekana ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa. Jawabu huja siku nyingine, katika kurasa za ndani, kwa herufi ndogo. Katika khofu iliyoenea miaka ile watu walipoteza kazi na heshima zao. Ilipofika tarehe 9 Machi 1954 mtangazaji Edward R. Murrow alifanya jambo jepesi: alionyesha katika televisheni picha za seneta mwenyewe akisema, na kando ya madai yake akaweka yaliyo kweli. Tarehe 2 Desemba mwaka huo Seneti ikamlaumu rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Ilikuwa imekwisha pita karibu miaka mitano.

Zingatia hapa, ndugu yangu. Magazeti yaliyoandika kwamba "seneta kasema" hayakukosea katika neno hilo, kwani kweli alisema. Lakini msomaji alichoondoka nacho si kwamba seneta kasema. Aliondoka akiamini kuwa wizara imejaa wasaliti. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na jumla yake ikawa uwongo. Basi mfikishaji hawezi kunawa mikono kwa kusema kuwa yeye ni mfereji tu. Mfereji ukileta maji machafu nyumbani, watoto huugua hata kama uchafu haukuanzia kwenye mfereji.

Sisi Waislamu tuna la kusema katika jambo hili, kwani limekwisha tufika zamani. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha kwamba tukijiwa na fasiki kwa khabari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki kujuta. Wafasiri wengi wametaja kisa cha mtu aliyetumwa kukusanya zaka kwa Bani Mustaliq, akarudi na khabari kuwa watu hao wameikataa na wanataka kumwua. Haikuwa hivyo. Lau khabari ile ingalifuatwa bila kuchunguzwa, damu ingalimwagika baina ya Waislamu na Waislamu.

Na tazama hekima ya amri hiyo. Hatukuambiwa tuitupe kila khabari ya fasiki, tumeambiwa tuihakikishe. Maana mwongo naye huweza kusema kweli. Tunakijua kisa cha Abu Huraira aliyekuwa akilinda zaka ya Ramadhani, akajiwa na mwizi siku tatu. Siku ya tatu mwizi yule akamfundisha fadhila ya Ayatul-Kursiy. Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari alieleza kuwa katika hilo yule kasema kweli, ingawa ni mwongo mkubwa, naye alikuwa shetani. Basi mwandishi asiyekataa kitu ila kwa jina la aliyekisema, naye kakosa njia.

Wanazuoni wa Hadithi waliijenga amri hii ikawa elimu nzima. Kila mpokezi aliulizwa: ni nani, kasikia kwa nani, anahifadhi vipi, amewahi kujulikana kwa uwongo? Aliyethibitika kuwa mwongo, riwaya zake ziliachwa. Lakini wanazuoni hawakuzificha. Ibnul-Jauzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra, alitunga kitabu kizima cha Hadithi za kuzuliwa ili watu wazijue na wazihadhari. Na kanuni waliyoiweka ni hii: Hadithi ya kuzuliwa haijuzu kuisimulia ila kwa kuibainisha palepale kuwa imezuliwa.

Hii ndiyo njia ya tatu tuliyoitafuta. Uwongo wa mtu wa siasa usifichwe, kwani raia wana haki ya kumjua anayetaka kuwatawala. Wala usiachiwe utembee peke yake. Uandikwe ukiwa umeshikwa mkono na ubainifu wake, ukurasa ule ule, siku ile ile, tena ubainifu utangulie. Na kichwa cha khabari kisiwe cha mwongo, kwa kuwa wengi wetu husoma kichwa tu kisha tukafunika gazeti.

Huenda msomaji akauliza: je, kumtangaza mtu kuwa mwongo si kumsengenya? Imamu Nawawi katika Riyadhus-Salihin ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake, na mojawapo ni kuwahadharisha Waislamu na shari. Na mfano alioutoa ni kuwakosoa wapokezi wa Hadithi. Lakini ruhusa hii ina mipaka. Kukosea si kusema uwongo; uwongo una nia ndani yake, na nia ni siri ya moyo. Basi mwandishi aseme kwanza lililo wazi: kwamba neno hili si kweli, na ushahidi ni huu. Mtu akibainishiwa, kisha akarudia yale yale mara ya pili na ya tatu, hapo kajiita jina lake mwenyewe.

Tena mizani iwe moja. Aya ya 8 ya Sura ya Al-Maida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Gazeti linalokagua maneno ya chama kisichopendwa na kuyafumbia macho ya chama kipendwacho haliwi mkaguzi, bali ni mpiga debe. Na gazeti likikosea lenyewe, likiri.

Hatari ya kutokagua si ndogo. Tarehe 5 Februari 2003 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Colin Powell, alilieleza Baraza la Usalama kuwa Iraq inaficha silaha za maangamizi. Magazeti makubwa yalikuwa yamekwisha yabeba madai ya namna hiyo kwa miezi. Mwezi wa Machi vita vikaanza. Mwaka 2004 wakaguzi waliotumwa na Marekani yenyewe walisema hawakukuta akiba ya silaha hizo. Tarehe 26 Mei 2004 gazeti la New York Times liliwaandikia wasomaji wake likikiri kuwa khabari zake kadhaa hazikuchunguzwa kama ilivyopasa. Nani alijua na nani alidanganyika, hilo ni baina yao na Mola wao. Lakini nyumba zilikwisha bomoka na mayatima walikwisha kuwa mayatima. Hayo ndiyo majuto ambayo aya imetuonya nayo.

Sasa tusiwalaumu waandishi peke yao. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu hutosha kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Je, wewe uliyeketi barazani baada ya Isha ukanena "nimesikia fulani kasema," na wewe mama uliyepeleka ujumbe kwa jamaa ishirini kabla ya kuusoma hadi mwisho, tofauti yenu na lile gazeti la mwaka 1950 ni ipi? Wakati wa uchaguzi maneno kama haya huingia majumbani mwetu kila saa, na mengine huwatenga jirani na jirani waliozikana na kuozeshana.

Basi khabari ikikujia jioni ya leo, ishike kidogo. Uliza: kasema nani, kajua vipi, na huko nyuma ukweli wake ulikuwaje? Ukikosa jawabu, iache ifie mkononi mwako. Hutaulizwa kesho Akhera kwa nini hukuipeleka. Utaulizwa kwa uliyoyapeleka. Mwenyezi Mungu atulinde na uwongo wa ndimi zetu na za viongozi wetu. Wabillahi taufiq.