Sauti ya Kampuni, Simu ya Mtu Mmoja

Mwaka 1999 Mark Spencer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama, Marekani, alihitaji swichibodi ya simu kwa kampuni yake changa, na bei za sokoni hakuziweza. Akaandika programu yake mwenyewe, Asterisk, akaitoa bure, na leo kompyuta ya kawaida hufanya kazi ya mtambo uliokuwa wa mashirika makubwa. Fundi friji asiye na mwajiriwa anaweza kuweka sauti inayosema kwa mauzo bonyeza moja, kwa uhasibu bonyeza mbili, na zote mbili zikaita simu ileile iliyo mfukoni mwake. Je, amesema uongo?

Tukimfuata Augustino wa Hippo, mwanateolojia wa Kikristo, jibu halimo katika maneno. Yeye aliuweka uongo katika nia: asemaye lisilo kweli huku akiliamini hajawa mwongo. Kwa mizani hiyo fundi hajiokoi kwa kudai kwamba kweli anauza na kweli anaweka hesabu, ikiwa alikusudia mpigaji aone ofisi isiyokuwepo. Mapokeo ya Kiislamu yanalikaribia jambo hili zaidi, maana yanaingia sokoni kwenyewe. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka juu kilicholowa watu wakione. Kosa lake halikuwa neno alilolitamka. Lilikuwa katika namna alivyolipanga lundo, na sauti ya simu nayo ni mpango wa aina hiyo.

Atasema mtu kwamba hii ni desturi tu, inajulikana. Kwa wanaoijua, sawa, hakuna aliyedanganywa. Lakini sauti ile haikuwekwa kwa ajili yao. Pingamizi zito ni jingine: mdogo hudharauliwa, tenda hupewa wenye jina, na huyu anajikinga. Dharau hiyo ipo, na ni dhuluma. Hata hivyo programu ileile inampa heshima isiyohitaji idara za kubuni: itaje saa za kazi, irekodi ujumbe, na yeye akiwa juu ya ngazi, ihamishie simu kwa fundi mwenzake. Mteja akiyagundua hayo, imani yake haipungui. Idara za kubuni zinamwumiza yule aliyetanguliza malipo kwa kuamini kwamba fundi mmoja akiugua, yupo mwingine wa kuimaliza kazi.