Uraia: Karatasi au Jembe?



Kila mmoja wetu hapa Eden Prairie anapojaza fomu ya N-400, swali lile lile hurudi barazani: je, kula kiapo cha uraia wa Marekani ni kuisaliti nchi iliyotuzaa? Tumelisikia harusini na misibani. Sisi tuliokuja kusomea uhandisi tukiwa vijana, na leo tuna mvi, bado hatujaafikiana.

Masharti yenyewe si mazito. Kwa kawaida mtu hukaa miaka 5 na kadi ya kijani, au 3 akiwa ameoana na raia, kisha hufanya mtihani wa Kiingereza, historia na serikali. Kizito ni kiapo, maana ndani yake mtu hutamka kwamba anaacha utii kwa dola nyingine yoyote.

Tena kiapo ni kimoja, bei ni mbalimbali. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, hubaki Mkenya. Uganda nayo iliruhusu uraia pacha mwaka 2009. Mtanzania mtu mzima akiapa kwa hiari hupoteza uraia wake. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 yanampa njia ya hadhi maalumu, lakini hadhi si uraia. Kwa hiyo tunapomwona ndugu akisitasita tusimcheke. Anajiuliza ataingiaje nchini siku ya kumzika mama yake: kama mwana au kama mgeni mwenye viza?

Hata hivyo, kusita nako kuna gharama. Desemba 2010 bodi ya shule za hapa Eden Prairie ilipitisha mipaka mipya ya shule za msingi, ili watoto wa familia zenye kipato kidogo, wengi wao Wasomali, wasirundikane katika shule chache. Mji ukagawanyika. Mwaka 2011 msimamizi mkuu wa shule akaondoka, na Novemba wapiga kura wakachagua wajumbe wapya. Mzazi mwenye kadi ya kijani alilipa kodi kama jirani yake, lakini siku ile hakuwa na kura. Watoto walikuwa wake; uamuzi ulikuwa wa wengine.

Wapo wanaosema uraia ni damu, haubadilishwi na karatasi. Tuwakumbushe Oktoba 1961, pale Tanganyika ilipojadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge walitaka rangi iwe kipimo. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Kwake kipimo kilikuwa utii kwa nchi. Ikiwa Mhindi wa Dar es Salaam aliweza kuwa Mtanganyika kamili, sisi tutakataa vipi kwamba mtoto wa Tanga anaweza kuwa Mminnesota kamili?

Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumeapa kwa ajili ya pasi tu. Hatupigi kura, ingawa Minnesota humruhusu mtu kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi. Tukiitwa kwenye juri tunatafuta udhuru. Mkutano wa bodi ya shule hatuujui hata ukumbi wake. Wakati huo huo yupo mwenzetu aliyekataa kuapa kwa sababu hawezi kutamka asiloliamini, naye kila wiki anafundisha hesabu watoto wa majirani.

Nani msaliti kati ya hawa? Kwa maoni yetu, kuapa si usaliti, wala kukataa si ukaidi. Usaliti ni kupokea jembe na kuliegemeza ukutani. Anayeapa na alime. Asiyeapa na ajue kwamba kuna mambo ya watoto wake yataamuliwa bila yeye, na akubali bei hiyo macho wazi.

Basi kabla ya kuinua mkono wa kulia, tujiulize: shamba hili tutalilima?