Daftari Kwenye Msumari



Mombasa, Mji wa Kale, kuna mkahawa uitwao Recoda. Umelisha watu tangu 1942, na watu wanausimulia. Na hoteli zetu za huku Endebess, Kitale na Bungoma, za mabati na mabenchi, nani anazisimulia?

Historia yao ipo. Inaning'inia kwenye msumari, kando ya birika. Ni daftari la madeni.

Mama mmoja alifungua hoteli, akafungua na daftari. Mvua za Machi zikianza, mahindi yanaingia ardhini na mifuko inabaki mitupu. Chai, andika. Chapati madondo, andika. Ugali na sukuma, andika. Palizi ikifika, andika tena. Kisha mavuno. Malori yanashuka kuelekea Kitale, na kalamu inaanza kufuta. Si wote wanaofutwa, tuseme ukweli. Wengine walihamia Suam, wengine walitangulia mbele ya haki, na majina yao bado yamo. Mama hajayakata.

Siku hizi binti yake ndiye anayekanda unga. Amerithi sufuria, amerithi meko, amerithi na daftari. Anajua baba wa nani alikunywa chai ya deni mwaka wa ukame.

Basi ukielekea kazini, shambani au dukani, jiulize: nani aliwahi kukuandika, akakungoja mpaka mavuno? Ukipita kwake leo, ingia. Usiagize kwanza. Uliza unadaiwa nini.