Kijana Aliyeweka 047 Kwenye Kila Noti

Muziki wa chipu, ule unaotolewa na chipu za sauti za mashine za zamani, hauna pa kujificha. Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983, ina sauti tatu tu zinazoweza kuimba noti: mbili za wimbi la mraba na moja ya wimbi la pembetatu. Chaneli ya nne hutoa kelele za kupigia ngoma, na ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Commodore 64 ya 1982, yenye chipu ya SID iliyobuniwa na Bob Yannes, nayo ina sauti tatu. Katika kwaya ya watu arobaini, mwimbaji mmoja wa alto akiteleza, wenzake humfunika. Katika chipu, sauti moja ikiteleza, theluthi nzima ya wimbo imeteleza, na kila mwenye masikio atajua.

Kisa cha kijana mmoja wa Mbeya, fundi wa kompyuta, nakisimulia kwa sababu kosa lake ni la wengi wanaoingia katika fani hii wakitokea upande wa mashine. Wenzake wawili walikuwa wakitengeneza gemu ndogo ya kuruka na kukusanya sarafu, kwa mtindo wa zamani, naye akajitolea kuitungia muziki. Hakuwa amewahi kupiga ala yoyote. Hilo si aibu, kila mpigaji alianzia hapo. Kilichomponza ni namna alivyoutumia muda wake.

Alipakua programu ya bure inayoiga chipu ya Famicom. Ilikuwa traka, ukoo wa programu ulioanza mwaka 1987 pale Mjerumani Karsten Obarski alipotoa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta ya Amiga. Ndani ya traka hakuna mistari mitano ya muziki. Kuna safu, moja kwa kila chaneli, na noti huandikwa kuanzia juu kwenda chini, mstari baada ya mstari. Kwa mtu aliyezoea kuandika programu, ukurasa wa namna hiyo unavutia mno. Unafanana na kazi anayoijua tayari.

Akaanza na rangi ya sauti. Wimbi la mraba la Famicom lina upana wa aina nne: asilimia 12.5, 25, 50 na 75. Alimaliza jioni nzima akitafuta tofauti kati ya 25 na 75, wakati sikio huzisikia sawa. Akatengeneza ala kadhaa: moja yenye mtikisiko, nyingine inayofifia polepole, nyingine inayoanza kwa mshindo. Zote zilikuwa nzuri, na sidharau kazi hiyo. Lakini wiki zikapita, na hakuwa na melodia hata moja.

Kisha akasoma jinsi watunzi wa Ulaya wa miaka ya 1980 walivyopiga kodi. Kodi, kama wapiga gitaa na kinanda wanavyojua, ni noti tatu au zaidi zinazosikika pamoja, na chipu yenye sauti tatu haiwezi kutumia sauti zote kwa kodi moja na bado ikaimba wimbo na kupiga besi. Wakabuni njia: chaneli moja hurukaruka kati ya noti tatu za kodi, mara 50 kwa sekunde katika mashine za Ulaya, mara 60 katika zile za Japani na Marekani. Mbio hizo huzunguka kodi nzima takriban mara 17 hadi 20 kila sekunde, na sikio hulisikia jambo lote kama kodi moja inayometameta. Katika traka, amri yake ni tarakimu tatu. Sifuri ndiyo amri yenyewe, na tarakimu mbili zinazofuata hueleza noti nyingine mbili ziko nusu toni ngapi juu ya noti iliyoandikwa. Mfano wa kwanza aliokutana nao ulikuwa 047. Akaujaribu juu ya do, ukang'aa.

Akauweka kila mahali.

Wimbo wake ulikuwa katika skeli ya maina, ile yenye huzuni, ukianzia noti ya A, yaani la, kwa kuwa alitaka pango lililomo ndani ya gemu litishe kidogo. Chaneli ya kwanza ilibeba melodia. Ya pili ilifuata noti zilezile, oktava moja chini, kila moja na 047 yake. Wa kwanza kusikiliza akamwambia sauti ni tamu lakini wimbo unamchosha. Wa pili akasema unamkera na hajui kwa nini. Kijana akaamini tatizo ni rangi ya sauti. Akapunguza upana kutoka 50 hadi 25, akaongeza mtikisiko, akashusha sauti ya chaneli ya pili. Ulikera vilevile, kwa upole zaidi. Hapa ndipo ninapomhurumia sana, kwani alifanya kazi kwa bidii ya kweli, ila bidii yote ilikwenda mahali ambapo ugonjwa haukuwepo.

Na besi ilikuwa na lake. Chaneli ya pembetatu huchukua muda mara mbili ya ule wa zile za mraba kukamilisha wimbi moja, kwa hiyo noti ileile ikiandikwa kwenye pembetatu husikika oktava moja chini zaidi. Kijana aliandika besi chini kabisa, ikashuka tena kwa oktava nyingine, na spika ndogo za kompyuta yake hazikuweza kuitoa. Aliiona kwenye skrini, hakuisikia, na hakushtuka. Hasara ya kupoteza besi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Do na mi zikisikika peke yao, sikio haliwezi kuamua kama limo ndani ya do-mi-so yenye furaha au la-do-mi yenye huzuni. Anayeamua ni aliye chini. Besi ikipiga la, noti zilezile mbili zinahuzunika; ikipiga do, zinachangamka.

Siku gemu ilipoonyeshwa kwenye chuo kimoja, wachezaji waliipenda. Mmoja baada ya mwingine, baada ya dakika chache, walinyoosha kidole na kuzima sauti. Wenzake hawakumgombeza. Walichukua muziki wa mtu mwingine ulioruhusiwa kutumiwa bure, wakautia ndani, wakaitoa gemu, na jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya watengenezaji. Kazi ya miezi ikabaki kwenye folda.

Ndipo akaenda kwa shangazi yake, mwalimu wa kwaya kanisani, ambaye alikuwa amemwalika kwenye mazoezi tangu utotoni naye akikataa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia umetunga wimbo. Hebu niusikie."

Akausikiliza mara mbili bila neno. Kisha akasema, "Sasa uimbe."

"Si wa kuimba, shangazi. Ni wa kompyuta."

"Kama ni wimbo, utaimbika hata kwa la-la-la. Anza."

Akaanza, na katika baa ya pili akapotea. Melodia yake iliruka kutoka la hadi ti ya juu, ikaanguka hadi fa, ikapanda tena, kwa sababu kwenye skrini noti zote ziko karibu, kubonyeza tu kitufe kingine. Koo halibonyezwi hivyo. Shangazi akamweleza kwamba wimbo unaoshikika kichwani hutembea zaidi kuliko kuruka. Ukiruka, geuka urudi hatua moja au mbili upande ulikotoka, msikilizaji apate pa kukanyaga.

"Na nyumbani kwako ni wapi?" akauliza.

Kijana hakuelewa.

"Wimbo wa namna hii, nyumbani ni la. Unatoka, unazunguka, tunakungoja urudi. Wewe umeishia fa. Kwa nini fa?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba ukurasa wa traka una mistari 64, na mistari ilikwisha. Alilisema, na shangazi hakucheka. Alichukua daftari la kwaya, akapiga mistari ya baa, akaandika kwa herufi za solfa kama anavyoandikia waimbaji wake: baa nne za kuuliza, zinazoishia mi, kisha baa nne za kujibu, zinazoishia la. Akaweka alama chini ya mapigo mazito. Hapo, alisema, iweke noti iliyomo ndani ya kodi ya baa hiyo. Noti za kupita, zisizo za kodi, zipite kwenye mapigo mepesi, hazitamuudhi mtu.

Kisha wakafika kwenye kodi zenyewe, na huu ndio moyo wa kisa. Kodi ya kawaida hujengwa kwa kuchukua noti, kuruka moja, kuchukua, kuruka moja, kuchukua. Kutoka la: la-do-mi. Kutoka re: re-fa-la. Kutoka do: do-mi-so. Shangazi hakujua traka ni nini, ila alipoelezwa maana ya 047 alikwenda kwenye kinanda na kuhesabu vibonyezo, vyeupe na vyeusi, kimoja kimoja. Kutoka do hadi mi, nusu toni nne. Kutoka do hadi so, saba. Hiyo ndiyo 047, na ni meja. Kutoka la hadi do, nusu toni tatu. Kutoka la hadi mi, saba. Hiyo ni 037, na ni maina.

"Sasa hiyo yako, ukiiweka juu ya la, ya katikati ni ipi?"

Kijana akahesabu, akanyamaza. Ilikuwa do iliyopandishwa nusu toni. Na melodia yake, kwenye pigo lilelile au linalofuata, iliimba do ya kawaida. Do mbili, zimetofautiana nusu toni, zikigombana kila baa. Hicho ndicho kilichowafanya watu wazime sauti, na hakuna upana wa wimbi ambao ungekiponya.

Wakaandika orodha nzima ya skeli ile. Juu ya do, fa na so, kodi ni 047. Juu ya la, re na mi, ni 037. Juu ya ti ni 036, kodi yenye wasiwasi, ya kutumia kwa uangalifu. Mistari saba ya daftari. Angekuwa nayo mapema, angeokoa miezi.

Watu husema watunzi wa zamani walitengenezwa na mashine zao. Nadhani ni kinyume. Koji Kondo, aliyetunga muziki wa Super Mario Bros. wa 1985, alijifunza ogani ya umeme tangu utotoni. Rob Hubbard, Mwingereza aliyetunga Monty on the Run kwa Commodore 64 mwaka huohuo, alikuwa mwanamuziki kabla ya kuandika programu. Na melodia inayojulikana zaidi ya Game Boy, ile ya Tetris ya 1989 iliyopangwa na Hirokazu Tanaka, ni Korobeiniki, wimbo wa watu wa Urusi. Watu waliimba wimbo huo kwa makoo yao miaka mingi kabla chipu yoyote haijatengenezwa, na ndiyo maana uliweza kusimama juu ya sauti chache za mashine ya betri.

Kijana alianza upya kwa sauti moja. Aliimba baa zake nane hadi akaweza kuziimba akifua nguo, na baada ya hapo ndipo alipofungua traka. Kisha akaongeza besi kwenye pembetatu, akiipandisha oktava moja ili spika iitoe. Pembetatu ya Famicom haina kiwango cha sauti, inawaka au inazimika, kwa hiyo ilimbidi ajifunze kuipa pumzi kwa kukata noti mapema. Wakati huo akagundua jambo lililomshangaza: besi ikiwa la, melodia ikiwa mi, anahitaji do moja tu kwenye chaneli ya pili na kodi imekamilika. Hakuna haja ya kurukaruka. Soprano, alto na besi, bila tenor. Zile mbio za noti alizozitia kila baa sasa alizibakiza pale tu melodia iliponyamaza na nafasi ikahitaji kujazwa.

Ulibaki mzozo mmoja kati yake na shangazi yake, juu ya baa ya saba, ile ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Kwa orodha yao, kodi ya mi ni 037. Shangazi alitaka so ipandishwe nusu toni hapo, kwa sababu so iliyopandishwa inakaa nusu toni tu chini ya la na inauvuta wimbo huko kwa nguvu, na hivyo ndivyo kwaya yake inavyofunga nyimbo za maina. Kijana ameweka 037, akasikiliza, wimbo ukarudi nyumbani bila haraka. Ameweka 047, na so iliyopandishwa ikauvuta kwa nguvu hadi la. Ameiacha 047 katika baa hiyo moja, na safari hii anaweza kueleza kwa nini.