Shusha Mabega Kwanza

Wako watu wanaopanda farasi bila kutafuta kombe wala fedha. Hurudi nyumbani wamejaa vumbi, na nyoyo zimetulia. Raha hiyo hutoka wapi?

Farasi ni mnyama anayewindwa, na uhai wake porini ulitegemea kuhisi hatari mapema. Hata inzi akitua mgongoni, anajua. Ukimpanda umekaza mapaja na kubana pumzi kwa hasira za kazini, naye hukakamaa. Ukilegeza mwili na kupumua taratibu, naye huelekea kutulia. Basi mpandaji hulazimika kuweka kando mambo ya jana na ya kesho, ashughulike na hatua iliyo mbele yake.

Mawasiliano hayo ya mwili na farasi hayategemei nguvu za miguu pekee. Mpanda farasi Lis Hartel wa Denmark alipooza miguu chini ya magoti kwa polio mwaka 1944. Mwaka 1952, mjini Helsinki, alishinda medali ya fedha ya Olimpiki akiwa juu ya farasi.

Huenda huna farasi. Lakini leo yuko mtoto, mwenzi au mfanyakazi mwenzako atakayeusoma mwili wako kabla hujasema neno. Shusha mabega kwanza, ndipo umsalimie.